Kupima Rekodi ya Chepkong: Mwongozo kwa Msikilizaji Asiye na Haraka

Muziki unaorudia sauti chache tangu mwanzo hadi mwisho huwagawa wasikilizaji papo hapo. Mmoja huuliza mbona hakuna jipya. Mwenzake hatamani uishe. Marekani walibishana hivyo juu ya tungo kama Violin Phase ya Steve Reich ya mwaka 1967, ambapo mpiga fidla hufuatana na rekodi za fidla nyingine zinazorudia kipande kilekile hadi zinapishana. Kericho na Bomet, nchini Kenya, ubishi huo unaweza kuzuka juu ya chepkong, kinubi cha Wakipsigis. Anayekisikia mara ya kwanza hudhani kila rekodi ni sawa na nyingine. Sivyo. Kuna nzuri na kuna hafifu, na kuzitofautisha ni jambo la kujifunza.

Anza na rekodi moja inayojulikana: Chemirocha ya tatu. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliinasa Kapkatet, Kericho, mwaka 1950. Anayeongoza ni Chemutoi Ketienya, akiitikiwa na wasichana wa Kipsigis. Jina Chemirocha limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika hadi kwenye vilima hivi. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimfikiria kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakamwalika acheze hadi nguo zimdondoke. Ukiwa na hiyo sikioni, pima mambo haya.

Mzunguko. Tafuta sauti ambayo kipande huanza nayo upya, kisha uigongee kidole mezani. Mpigaji hodari hakosi kurudi pale kwa wakati wake, lakini ndani ya safari hiyo vidole vyake havilingani: uzi mmoja unapigwa kwa uzito zaidi, mwingine unaguswa tu, mwingine unarukwa kabisa. Hayo madogo ndiyo utamu wenyewe. Mpigaji dhaifu hujulikana waimbaji wanapoingia: anaanza kukimbia, na mkono wako mezani unabaki nyuma. Kasoro ya pili, iliyozidi siku hizi, ni kinanda cha umeme kinachokariri kipande kilekile bila tofauti hata ya unywele. Hapo umesikia mashine, hujasikia mkono.

Sauti na nyuzi. Waimbaji wasikanyage nyuzi, wala nyuzi zisiwaburute. Katika Chemirocha ya tatu sikiliza mwisho wa mistari: sauti zinashuka, na jina linatamkwa karibu kama mazungumzo, huku kinubi kikiendelea kama hakijaambiwa kitu. Nafasi hiyo kati ya kinywa na uzi ndiyo kipimo kikubwa. Mwimbaji anayeijaza kwa madoido ameharibu kazi.

Ngozi na mti. Kinubi kina bakuli lililowambwa ngozi. Katika nchi ya chai, ambako mvua haikai mbali, unyevu hulegeza ngozi na sauti ikawa butu, kama imefunikwa blanketi. Rekodi nzuri hukupa mlio wa uzi na mtetemo wa ngozi vyote viwili. Usichanganye vinubi vya majirani pia. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo mti wa kinubi. Ukisikia chuma kinapiga sambamba na nyuzi, umeshuka kuelekea ziwani. Obokano ya Wagusii ni kubwa na sauti yake ni nzito, ya tumboni. Kila kimoja kipimwe kwa kanuni za kwao.

Kurekodi. Tracey alipenda kuishika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji au kwa ala kadiri muziki ulivyotaka. Ndiyo maana sauti zake ziko karibu nawe hata leo. Lakini santuri za zama zile zilibeba kama dakika 3 kwa upande mmoja, na ngoma ya watu haijali dakika. Kwa hiyo jiulize kila mara: wimbo umeisha, au umekatwa? Jihadhari pia na rekodi mpya zilizotiwa mwangwi wa studio ili zionekane za kale. Mwangwi huo huzifuta zile tofauti ndogo za vidole.

Wasikilizaji. Kipimo cha mwisho ni nyuso za watu. Usiwaulize kama wameupenda. Wape muda, uwatazame. Asiyejua lugha mara nyingi husema Chemirocha ya tatu ina huzuni, kwa sababu sauti ni za wasichana na rekodi ina mkwaruzo wa zamani. Anayeelewa maneno hushika utani wa swala anayecheza. Zaidi ya miaka 60 baada ya Tracey kuondoka, nakala za rekodi zake zilirudishwa kwa Wakipsigis na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo mzee aliyerekodiwa akiwa kijana. Kwa msikilizaji kama huyo swali la kuchosha au kutochosha halipo. Yeye hutafuta sauti za watu anaowajua. Rekodi inayowapa watu wa namna zote hizi kitu cha kushika imefaulu.

Uamuzi wangu juu ya Chemirocha ya tatu ni huu: mzunguko umetulia, waimbaji na nyuzi wameachiana nafasi, na maikrofoni imekaa pake. Upungufu wake ni ufupi, nao si wa waimbaji. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti ya mzee akipiga chepkong, usiiache kabatini hadi utepe ugandane. Ipeleke inakiliwe mwezi huu, na uandike jina la mpigaji, mahali na mwaka. Wengi waliopiga hawakuandikwa popote.