Mlango Umefunguliwa, Nyumba ni ya Nani?

Mwaka 1971 mtoto wa baba Mkenya na mama Mmarekani mweupe aliingia Punahou, shule ya kulipia iliyoanzishwa na wamisionari mjini Honolulu mwaka 1841. Barack Obama, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, aliyasimulia maisha ya shule hiyo katika kitabu chake Dreams from My Father (1995). Kitabu hiki kinawafaa makada na wanafunzi, ila kisomwe kwa uchambuzi.

Ubora wake ni ukweli. Mwandishi anakiri kwamba mkubwa wa kazi wa babu yake, aliyesoma hapo, ndiye aliyemsaidia kupata nafasi. Darasani kabila la baba yake lilichekwa. Mtoto mmoja akataka kumshika nywele. Ili akubalike, akadai kuwa baba yake ni mwana wa mfalme. Wenzake walipomtania kwa ajili ya msichana mweusi wa darasa lake, akamsukuma yule msichana. Hapo ndipo penye uchungu wa sura nzima: mnyonge anamkana mnyonge mwenzake ili apate kibali cha wenye nguvu.

Kasoro yake ni kwamba ugonjwa ameuona, lakini dawa anaitafuta ndani ya nafsi na ukoo wake. Shule hiyo ni ya nani, na inawaandaa watoto wakae wapi katika jamii? Swali hilo halifuatilii.

Ndugu msomaji wa Zegereni, Kibaha, atasema: hayo yananihusu nini? Tanganyika ilifuta shule za kibaguzi za Wazungu, Waasia na Waafrika mwaka 1962. Hata hivyo, Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba hatua hiyo haikutosha, kwani elimu iliendelea kuwatenga wachache na umma.

Mfanyakazi wa kiwandani anayejinyima ili mwanawe asome shule ya kulipia hana kosa. Lakini mtoto huyo akionea haya bwelasuti ya baba yake, akawaambia wenzake kuwa baba ni meneja, basi Honolulu imehamia Kibaha, wala hapana Mzungu hata mmoja darasani.

Kwa hiyo kada asitosheke kuhesabu watoto wa wanyonge walioingia. Achunguze pia wanatoka wakiwa upande wa nani.