Nusu Ndimu Iliyouharibu Ubuyu

Ubuyu wa Unguja unatengenezwa kwa vitu vichache: mbegu za mbuyu zikiwa bado na unga wake, sukari, maji kidogo, chumvi, pilipili, iliki na rangi nyekundu. Kazi yenyewe ni kuizungushia kila mbegu tabaka la sukari lililokauka, ili anayemumunya apate kwanza utamu na chumvi, kisha ukali, halafu uchachu wa unga ulio chini yake. Tabaka lisipokauka, huo si ubuyu, ni mbegu zilizolowa shira. Katika onyesho la vitafunio vya Idi lililorushwa kwenye televisheni, mbegu zililowa, na lawama haikuwa ya moto wala ya vipimo. Ilikuwa ya nusu ndimu.

Haki yake mpishi apewe. Juisi ya ukwaju ilikuwa safi: ukwaju ulirowekwa kwa maji ya moto, ukavurugwa kwa mkono, ukachujwa, chumvi na pilipili manga zikatiwa kidogo tu. Achari ya embe haikuwa na kasoro. Hata ubuyu ulianza vizuri: nusu kilo ya mbegu, vikombe viwili vya sukari, maji kikombe kimoja kasoro, na chumvi nusu kijiko cha chai iliyotiwa mapema ikayeyuka pamoja na sukari. Wanaonyunyiza chumvi mwishoni, na siku hizi ni wengi, hupata ubuyu ambao mbegu moja ni chumvi tupu na ya pili haina kitu.

Kisha ikaja dakika yenyewe. Sukari imeyeyuka, shira imeanza kuchemka, povu jeupe linapanda ukingoni mwa sufuria. Mpishi akachukua ndimu iliyokwisha kukatwa, akaikamua nusu nzima juu ya shira, akazitoa kokwa mbili kwa ncha ya kijiko, akaeleza kwamba ndimu huizuia sukari isigande. Alisema kweli tupu. Ndimu huizuia sukari isigande, na ubuyu hauwi ubuyu mpaka sukari igande. Ni nadra kosa la jikoni kuelezwa kwa ufasaha namna hiyo na mtu yuleyule anayelifanya.

Sukari ya kawaida ni sukrosi, na kila molekuli ya sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Asidi ikichemka nayo, baadhi ya molekuli hizo huachana. Hapo shira huwa na sukari za aina tatu badala ya moja, na sukrosi inapotaka kujipanga upya kuwa chenga ngumu, zile nyingine mbili hujipenyeza katikati na kuuvuruga mpangilio. Tena fruktosi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani. Shira ya namna hiyo hubaki laini na yenye kung'aa hata ikipoa. Kwa kaimati hiyo ndiyo sifa inayotafutwa, maana kaimati yenye chenga za sukari juu yake inakwaruza ulimi na haimezeki kwa raha. Visheti vinataka kinyume chake: shira nzito inamwagwa juu yake, vinageuzwa na kugeuzwa mpaka sukari ipauke na kuwa nyeupe. Mpishi wa visheti anayeijua kazi yake haiweki ndimu karibu na sufuria hiyo. Ubuyu uko upande wa visheti, na mpishi wa onyesho aliuweka upande wa kaimati.

Upo utetezi mmoja unaostahili jibu. Unga wa ubuyu wenyewe ni mchachu, una asidi ya sitriki na ya tatariki. Basi nusu ndimu inaongeza dhambi gani? Jibu ni wakati. Mbegu hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa na maji mengi yameshatoka kwa mvuke, kwa hiyo asidi yake haipati moto wa kutosha wala muda wa kutosha. Ile ya ndimu ilichemka ndani ya shira tangu mwanzo mpaka shira ikaiva kiasi cha kuvutika uzi. Ndiyo maana pia sufuria huepuliwa kabla mbegu hazijaingia, hazipikwi na shira juu ya meko. Sababu ya pili ya kungoja ni kwamba shira nyepesi huuosha unga kwenye mbegu na kuugeuza uji, mbegu zikabaki utupu katikati ya rojo jekundu.

Waliotazama kwa makini waliyaona matokeo kabla ya mpishi. Mbegu zikishatiwa na kukorogwa kwa nguvu, hupitia hali tatu. Kwanza zinang'aa na kushikana bonge moja. Kisha wekundu unapauka, kama vile umepakwa vumbi, na mwiko unakuwa mzito mkononi. Mara mabonge yanaachiana, mbegu zinatawanyika na kuanza kugonga sufuria kwa sauti kavu. Sauti hiyo ndiyo inayomwambia mpishi kwamba amemaliza. Katika onyesho hali ya kwanza haikupita. Mwiko ulizunguka, mbegu ziling'aa, ziliendelea kung'aa, na mng'ao huo ukasifiwa kuwa ndio uzuri wake. Ubuyu uliofaulu haung'ai.

Yaliyofuata yalikuwa ni kuhangaika. Sufuria ilirudishwa motoni ili shira ikaukie, na kuirudisha motoni shira yenye asidi ni kuipa asidi nafasi ya pili. Halafu ikanyunyizwa sukari ya unga juu ya sinia. Sukari hiyo hufunika unata kwa muda wa kupiga picha. Baadaye nayo hunyonya unyevu, na mbegu hushikana zaidi ya mwanzo.

Suala la rangi limeshasemwa mara nyingi na halina budi kusemwa tena. Kijiko kizima cha rangi kwa nusu kilo ya mbegu ni kingi mno. Rangi haina ladha. Kazi yake ni kuupaka ulimi wa mtoto wa shule, na kwa kazi hiyo ncha ya kijiko inatosha. Vivyo hivyo arki ya vanila, ambayo imechukua nafasi ya iliki kwenye vyakula visivyoihitaji kabisa. Iliki iliyotwangwa wakati uleule, ikatiwa shira ikikaribia kuiva, haijapata mbadala. Pilipili walau ilitiwa ya kutosha.

Wazee wa zamani waliopika ubuyu barazani, kwa karai na jiko la mkaa, hawakuwa na kipimajoto, na hawakukihitaji. Tone la shira lilichukuliwa kwa mwiko, likaachwa lipoe kidogo, likavutwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Likikatika, shira bado. Likitoa uzi mmoja usiokatika upesi, karai linaepuliwa papo hapo. Kwa vipimo vya leo uzi huo hupatikana shira inapofika kati ya nyuzijoto 110 na 112 za Selsiasi, na vidole vyao viliupata kila mara, mchana wa kaskazi na usiku wa masika. Walijua pia kwamba kukoroga kwingi ni baada ya kuepua, si kabla: shira ikichokorwa ingali motoni, sukari inaweza kuganda ukingoni mwa karai kabla haijafika kwenye mbegu. Mpishi wa onyesho, mwenye meko ya gesi, mizani na kipimajoto cha kidijitali, alifika kwenye uzi sawasawa na wao. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na ndimu mkononi.

Ubuyu uliokauka hutandazwa kwenye sinia mpaka upoe kabisa kabla ya kufungwa. Ukifungwa ungali na joto, mvuke unabaki ndani na kuirudisha sukari kuwa shira. Hewa ya pwani wakati wa mvua hufanya vilevile, kwa hiyo chupa yenye kifuniko kinachobana inafaa kuliko mfuko.

Kwa aliyekwisha kuiga onyesho na sasa ana sinia la mbegu zinazonata, hakuna moto utakaozikausha. Ziloweke kwa maji ya vuguvugu, vuruga kwa mkono mpaka unga utoke kwenye mbegu, chuja, onja, ongeza chumvi kidogo na maji baridi. Sukari imo, iliki imo, ndimu imo. Juisi ya ubuyu itakayopatikana itanyweka vizuri, na humo ndimu haina madhara.