Meza Isiyojua Sheria

Wapo wanaodai eti mchezo wa vita wa mezani ukishaingizwa kwenye kompyuta basi umekufa, kwani mashine huamua kila kitu. Dai hilo halina mashiko tukiitazama VASSAL. Programu hii ilitokana na VASL, meza aliyoibuni Rodney Kinney kwa ajili ya Advanced Squad Leader, mchezo uliotolewa na Avalon Hill mwaka 1985.

Hebu tuanze na fani. Kwenye skrini kuna ramani ya vyumba vya pembesita na kete za askari. Unaiburuta kete kwa kipanya, unaiweka popote, hata ndani ya nyumba inayoteketea kwa moto! Programu hainung'uniki, maana sheria kwa sehemu kubwa haizijui. Inatupa dadu, inaficha kete zinazotakiwa kufichwa, basi.

Kwangu mimi huo si udhaifu. Kitabu cha sheria kinabaki kuwa matini, na wachezaji wanabaki kuwa wasomaji wake: wanabishana, wanafasiri, wanaafikiana. Programu inayozuia kila kosa imekwishafasiri kwa niaba yetu. Sisi kazi yetu ni kubonyeza tu.

Hata hivyo kuna kinachopotea, nacho si kidogo. VASSAL huweza kuhifadhi hatua zote katika faili, mpinzani akalifungua kesho yake na kuzifuata moja baada ya nyingine. Anaiona kete ikisogea. Ule mkono uliosita juu yake, ambao mezani ungemwambia mengi, haumo.