Udongo wa Kichuguu, Matete na Chuma

Kwa mazoea tunasema "kuyeyusha chuma". Lakini katika tanuri la Wahaya wa Kagera kilichoyeyuka ni taka. Chuma chenyewe huhitaji nyuzi 1,538 za Selsiasi ili kiwe maji, na humo hakikuwa maji: kilijikusanya motoni punje kwa punje, mpaka kikawa bonge. Mfua chuma wa Buhaya hakuwa na kipimajoto, wala hakuna aliyemfundisha habari za oksijeni. Alikuwa na macho ya kusoma rangi ya moto, masikio ya kusikiliza mivukuto, na alijua udongo upi ni wa kazi gani.

Tuanze na huo udongo. Shimo la tanuri lilichimbwa, kisha kuta zake zikasiribwa kwa udongo wa kichuguu. Mkulima huona kichuguu kama kero ya shamba. Mfua chuma alikiona kama ghala, maana udongo ule waliokwisha kuuchagua na kuufinyanga mchwa huvumilia joto kali. Juu ya shimo likapandishwa tanuri lenyewe, pana chini na jembamba juu, kimo chake kama mita 1.4. Lilijengwa kwa mabonge ya taka za chuma za kazi zilizopita, yakishikizwa kwa udongo uleule. Napenda sana jambo hili: tanuri jipya lilisimama juu ya jasho la matanuri ya zamani.

Kisha matete. Kabla ya moto mkubwa kuwashwa, shimo lilijazwa matete ya kinamasi, yakachomwa mpaka yakawa makaa meusi. Jicho la mgeni lingeona ni kuni tu za kuanzishia moto. Kumbe ni kitanda. Taka iliyoyeyuka ilitiririka ikapenya katikati ya vijiti vile vya kaboni, na chuma kilichokuwa bado kimenaswa ndani yake kikapata nafasi nyingine ya kujitenga.

Maana kazi yote hii ni ya kutenganisha. Jiwe la chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni, kama kutu ilivyo. Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo huipokonya oksijeni kutoka kwenye jiwe. Hewa ikizidi, chuma kilichopatikana huungua tena. Ikipungua, moto hulala, na mkaa wa siku nyingi umepotea bure. Ndiyo maana nawaheshimu zaidi wavukutaji kuliko mtu mwingine yeyote pale. Mabomba manane ya udongo yaliingizwa mpaka ndani kabisa ya tanuri, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikapuliza kwa saa nyingi mfululizo. Mkono mmoja ukichoka, mwingine unapokea, na mwendo haubadiliki.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu wazee walikumbuka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alikwenda Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, akawasikiliza wakieleza habari za mti wa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma, kule Katuruka, na za mfalme Rugomora Mahe aliyetaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Alipochimba penye mti huo alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Baadaye, mwaka 1976, wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya, wakajaribu na kujaribu tena mpaka mikono ikakumbuka. Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978: penye midomo ya mabomba, si tanuri lote, joto lilipita nyuzi 1,800. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu kama kweli mabomba yale yaliipasha hewa joto kabla haijafika kwenye mkaa. Ubishi huo haupunguzi chochote. Bonge lilipatikana.

Wafipa wa Rukwa walipata jawabu lao wenyewe kwa tatizo la hewa. Waliinua malungu, matanuri marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Bonge lililotoka humo lilisafishwa tena katika tanuri dogo la kuvukutwa.

Bonge likitoka tanurini bado si kitu cha kushika. Mhunzi hulichoma, hulipiga kwenye fuawe, taka zinaruka, anarudisha motoni, anapiga tena. Hapo ndipo linapozaliwa jembe, shoka la kufyekea msitu, mundu, mkuki. Jembe lilibeba heshima kubwa kuliko yote: lililima, likauzwa mbali na kilipofuliwa chuma chake, na sehemu nyingi likatolewa mahari. Huko pwani nako, katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kupata faida kubwa kwa biashara yake.

Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipofika kwa bei rahisi, matanuri yakazimwa. Wahunzi hawakwisha, wengi leo wanafua springi za malori mabovu, na mapanga yao ni mazuri. Ila kulitoa jiwe ardhini na kulifikisha kwenye chuma, kazi hiyo ilibaki katika kumbukumbu za wachache mno.

Ukikuta shambani Kagera, Rukwa au Upare bonge jeusi, zito, lenye vitundu kama mkate, usilisage kuwa kokoto. Hayo ni mavi ya chuma, ile taka ya tanuri. Liache palepale lilipo, uwaarifu watu wa mambo ya kale.