Nafasi Tupu Katika Shaba: Sanamu za Ed Dwight

Kazi ya sanaa haipimwi kwa dhiki ya aliyeifanya. Kanuni hii husahauliwa kila anapotajwa Ed Dwight, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Kansas mwaka 1933. Alikuwa rubani wa kujaribia ndege za kijeshi, akafunzwa kwa safari za anga. Lakini wanaanga 14 walipoteuliwa mwaka 1963, yeye hakuwamo. Aliacha jeshi mwaka 1966, na mwaka 1977 akapata shahada ya uzamili ya uchongaji katika Chuo Kikuu cha Denver. Wasimulizi wengi huzitazama sanamu zake kama kifuta machozi cha anga aliyonyimwa. Naona kwamba kwa kufanya hivyo wamdhulumu mara ya pili.

Hapa Kilangala twaijua kazi ya Wamakonde. Mchongaji huupunguza mpingo, na uwazi auachao kati ya viungo huwa sehemu ya umbo. Dwight hufuata njia ya kinyume: hujenga kwa udongo, kisha shaba humiminwa. Hata hivyo, katika sanamu zake za wapigaji wa jazi, aliacha nafasi tupu ndani ya miili, na jicho la mtazamaji huijaza. Njia mbili zakutana penye utupu.

Si kazi zake zote zifikiazo daraja hiyo. Ukumbusho wa Austin, Texas, wa mwaka 2016, wakusanya karne nyingi mahali pamoja, na somo lausonga umbo. Ule wa Detroit, wa mwaka 2001, wapita huo. Watoro wa utumwa wamesimama ukingoni mwa mto wakielekea Windsor, Kanada, ambako ukumbusho mwenziwe waonyesha waliokwisha kufika. Kati yao hamna shaba, ila maji. Mto wenyewe ndio nafasi tupu.

Msomaji wa pwani hii, ajuaye jinsi Kilwa Kivinje ilivyopokea misafara ya watumwa kutoka Nyasa, hahitaji kufasiriwa maji yale. Tofauti ni kwamba maji yetu yaliwapeleka watu utumwani, yale yaliwatoa.

Tarehe 19 Mei 2024, akiwa na miaka 90, Dwight alifika anga za juu kwa dakika chache. Tumpongeze. Lakini sanamu zake hazikuongezeka uzuri siku ile, wala hazikuwa na upungufu kabla yake.