Jaron Lanier: Pumzi na Kitufe

Wanaoandika kuhusu Jaron Lanier huanza na kompyuta, halafu mwishoni, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi ulioiva, wanasema eti "pia ni mwanamuziki". Ninadai katika tahakiki hii kwamba mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Muziki ndio uliompa Lanier kipimo cha kuikosoa teknolojia, na muziki huohuo ndio unaotuonyesha anapoteleza.

Lanier alizaliwa New York mwaka 1960 na kukulia New Mexico. Mwaka 1983 alitoa Moondust, mchezo wa kompyuta uliozalisha muziki kadiri mtu anavyoucheza. Baadaye kampuni yake, VPL Research, ikauza miwani na glavu za kumwingiza mtu katika ulimwengu wa kubuni ndani ya kompyuta. Mwaka 1994 akatoa albamu, Instruments of Change. Kitabu kilichompa jina kama mwandishi, You Are Not a Gadget, kilitoka 2010. Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, huyu alishika ala kwanza, vitabu vikafuata.

Mfano mkuu wa kitabu hicho ni midi, utaratibu uliotangazwa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme na kompyuta vielewane. Kwa Lanier, midi huiona noti kwa jicho la mpiga kinanda: kitufe kimebonyezwa, kitufe kimeachiwa, basi. Mteremko wa sauti ya mwimbaji hauna pa kukaa. Na kwa kuwa watengenezaji wote waliufuata utaratibu huo, kuutoka kukawa shida. Iliyokuwa njia moja tu ya kuieleza noti ikageuka kuwa noti yenyewe. Hofu yake ni kwamba mitandao ya kijamii inamfanyia binadamu hivyohivyo: tunajaza visanduku, kisha tunafanana na visanduku.

Hoja hii haimpi taabu mtu aliyewahi kusikiliza fidla ya taarab ya Unguja inavyoteleza katikati ya noti mbili. Wala haitupi taabu sisi wa fasihi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi uliozuka ulihusu jambo lilelile: je, vina na mizani ni njia mojawapo ya kutunga shairi, au ndiyo shairi lenyewe?

Lakini ugomvi wetu huohuo unamuumbua Lanier. Mizani nane kwa nane ni kifungo, hilo halina ubishi. Hata hivyo, ndani ya kifungo hicho Shaaban Robert alitunga, na akatunga kweli. Vijana walioanzisha bongo fleva miaka ya 1990 nao walitegemea vinanda vya umeme na kompyuta za studio, na kikazaliwa kitu ambacho hakikuwapo. Lanier analiona bano, haoni kinachozaliwa ndani yake.

Ajabu ni kwamba ala yake mwenyewe ingemfundisha. Anapenda kupiga kheni, ala ya kupuliza ya mianzi kutoka Laos, na hupenda kudai kwamba safu yake ya mianzi ni babu wa kompyuta, kwa sababu kila mwanzi ama unalia ama uko kimya. Sasa, kama kulia-au-kunyamaza ni dhambi ya midi, mbona kwenye kheni ni sifa? Jibu langu ni pumzi. Tundu huziba au huachia, lakini pumzi ya mpigaji ndiyo inayoendesha yote. Kosa basi haliko kwenye kitufe. Liko pale pumzi inapoondolewa. Hilo Lanier hajalisema waziwazi, na lingeiimarisha hoja yake.

Kuna pia suala la tumbo. Mwaka 1999 Lanier aliandika katika New York Times kuutetea unakili wa muziki. Katika Who Owns the Future? (2013) amegeuka: anataka kila ambaye taarifa zake zinailisha mitambo alipwe, hata senti. Mgeuko huo ninauheshimu, maana aliwaona wanamuziki wenzake wakikosa riziki. Ila huzuni yake ni ya Marekani, kwa enzi ambapo rekodi ziliwalipa baadhi ya watu. Kwetu kaseti zilinakiliwa na kuuzwa mitaani kabla hatujaijua intaneti. Wanamuziki wengi wa dansi hawakupoteza enzi ya dhahabu; hawakuwahi kuiona.

Je, tumtupe? Hapana. Leo mitambo inajifunza kutunga kwa kumeza nyimbo na maandishi ya watu, na swali la nani alipwe limebisha hodi hata kwa malenga. Lanier aliliuliza mapema. Tumsome, lakini tumsome tukiwa na fidla yetu sikioni.