Dante Mogadishu: Swali la Nasaba katika Riwaya ya "Links"

Mhakiki aisomaye riwaya ya Nuruddin Farah iitwayo "Links" (2004) hawezi kupita bila ya kukutana na Dante, mshairi wa Florence wa Enzi za Kati. Sehemu za riwaya hiyo zinatanguliwa na beti za "Inferno", na mhusika mkuu, Jeebleh, mwalimu wa chuo huko New York, aliandika tasnifu yake juu ya utenzi huohuo. Je, utenzi wa Mkristo wa karne ya 14 una faida gani kwa msomaji wa Garissa?

Kusema kwamba Mogadishu ya vita ni mfano wa Jahanamu hakutoshi. Ulinganifu wenye uzito zaidi umo katika siasa. Florence iligawanyika kwa makundi, na mwaka 1302 Dante alihukumiwa na kundi lililoshinda, akaishia uhamishoni. Katika wimbo wa kumi wa "Inferno", Farinata, mkuu wa kundi la upinzani, anamwuliza Dante kwanza kabisa wazee wake ni akina nani. Jeebleh naye anajiwa na wazee wa ukoo wake wakimtaka fedha za kutengenezea magari ya vita, anawakatalia. Katika tungo zote mbili, kuulizwa nasaba ni kutakiwa kuwa na upande.

Kaskazini Mashariki swali hilo lina historia yake. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwapekua raia wake wa asili ya Kisomali, nao wakalazimika kuthibitisha uraia ambao wenzao hawakuulizwa.

Hata hivyo, ulinganishi huu una ila. Jahanamu ya Dante ina mizani: kila mmoja huadhibiwa kulingana na dhambi yake. Waliokimbia Somalia tangu mwaka 1991, wakapokewa katika kambi za Dadaab, Garissa, hawakuwa wakitumikia adhabu ya kosa lolote. Beti za Dante zinamvuta msomaji atafute mkosaji katika kila mateso. Kisa cha Raasta, mtoto aliyetekwa nyara, kinamkanya. Kwa maoni yetu, Farah anafaulu anapolichukua swali la Farinata, na anafaulu zaidi anapoiacha mizani ya Dante. Mhakiki asiyezitenga hatua hizo mbili atawahukumu wakimbizi bila ya kukusudia.